Hamri la Mlangoni

Binti yangu alisusa mahamri yangu Jumamosi asubuhi, mbele ya wateja, mimi nikiwa na mwiko mkononi. Angesusa ndani, tukiwa wawili, ningestahimili. Lakini alisimama pale penye kibanda changu, Mtongwe, watu wamejipanga na bakuli zao za mbaazi, nikamnyooshea hamri la moto, lile la kwanza kutoka karaini, ambalo tangu aote meno ni lake peke yake. Akasema, "Ahsante mama, sitakula." Nikamuuliza kama anaumwa. Haumwi. Nikamuuliza kama amefunga. Hakufunga. "Ni mafuta, mama," akasema kwa upole, na mafuta yenyewe yako pale yanachemka, kila mtu anayaona.

Lo! Muuza mahamri mwanawe asipoyala, mtaa utasema nini? Mzee mmoja aliyekuwa ameshapokea lake aliligeuza akalitazama upande wa chini. Na jirani yangu wa nyumba ya pili, mwanamke ambaye hajapata kuona jambo akalinyamazia, akauliza kwa sauti ya kufika barabarani, "Kwani humo karaini mna nini, shoga, ambacho sisi wengine hatujaambiwa?" Wote wakacheka. Mimi sikucheka. Hasira zangu zinakaa karibu na mlango, hazingoji kuitwa. Nikamwambia binti aingie ndani anisubiri, nikakaanga unga uliobaki kwa kuuadhibu.

Binti yangu huyu ndiye kitinda mimba, na ndiye msichana wangu wa pekee. Alisomea mambo ya wanyama wa porini, na kazi yake ni huko kusini, kwenye msitu mdogo wa pwani, kuwatazama mbega wasigongwe na magari. Siku zile alikuwa bado anaishi kwangu. Nilipoingia ndani nilimkuta ameshafungua simu, akanionyesha picha. Mnyama mkubwa, jamii ya sokwe, mwenye manyoya mekundu, mekundu hasa, utadhani ametiwa hina mwili mzima. Amekaa juu ya gogo na nyuma yake hapana mti hata mmoja. Mtoto wake amemng'ang'ania kifuani kwa vidole vyote.

"Huyu anaitwa orangutani," akaniambia. "Anaishi visiwa vya mbali, huko Asia, juu ya miti. Misitu yake inakatwa na kuchomwa ili ipandwe michikichi. Mchikichi ndio unaotoa mawese. Na mawese, mama, ndiyo hayo unayokaangia."

Nikamwambia mawese nayajua mimi kabla yake, mawese ni mekundu, mafuta yangu ni ya kupimiwa dukani, meupe, safi. Akasema yanasafishwa mpaka wekundu unatoka, na kwamba mengi ya yale tunayopimiwa ni hayohayo, na kwenye sabuni yamo, na kwenye biskuti yamo. Kila alichokitaja nilikuwa nacho nyumbani.

Sitasema uongo, siku ile huruma haikunijia. Sisi hapa tuna tumbili. Tumbili wa Mtongwe hawapigi hodi. Mmoja aliwahi kuninyakulia donge zima la unga ulioumuka, akapanda nalo juu ya mkorosho, unga unamnata mikononi mpaka viwiko, anajilamba huku ananikodolea macho kana kwamba mimi ndiye mwizi. Nikamwambia binti, "Mwanangu, mimi wanyama wangu wa mitini wananitosha. Wa Asia na wao wana watu wao."

Jioni nikamshtaki kwa babake. Mume wangu ana kazi bandarini, upande wa Changamwe. Meli za mafuta ya kupikia zikifunga gati, yeye na wenzake ndio huunganisha mipira ya kuyavuta kutoka melini hadi kwenye matangi. Kwa hiyo nilijua nimepata hakimu wangu. Nikamwambia, "Mwanao anasema mimi na wewe tunaua wanyama."

Akaitazama ile picha muda mrefu, amekula nusu ya samaki wake. "Meli zinatoka huko kweli," akasema. Halafu akamgeukia binti. "Haya, na watu wote wakiacha, mimi nitaunganisha mipira ya nini? Ya maziwa?"

Binti akacheka, akasema hasemi watu waache. Mchikichi wenyewe hauna kosa, akasema, hutoa mafuta mengi kwenye shamba dogo, na wako wanaoupanda bila kugusa msitu. "Ninachosema ni tuulize, baba. Wanunuzi wakiuliza, mwenye duka atauliza, na aliyemuuzia atauliza, mpaka ifike kwa mwenye shamba. Mimi nimejiwekea tu sharti langu. Nisipojua yalikotoka, sili."

Hapo nikapandwa na hasira. Nikamkumbusha kwamba ada yake yote ya shule ilitoka ndani ya mafuta hayo hayo, babake akiyateremsha na mimi nikiyakaangia. Nilidhani nimemmaliza. Akaniambia, "Najua, mama. Ndiyo yaliyonisomesha nikajua. Sasa nisomeshwe halafu nijifanye sijui?" Nikaanza kuondoa sahani ilhali mume wangu bado hajamaliza kula.

Kesho yake binti akaenda dukani kuuliza. Habari zilinifikia kabla yeye hajarudi. Alimuuliza muuza duka mafuta yake yametoka wapi, akajibiwa yametoka kwenye pipa. Na pipa? Limetoka kwenye lori. Na lori? "Dada," muuza duka akamwambia, "wataka mafuta au wataka kumposa dereva?" Kisha akamtupia na methali, kwamba mchagua nazi hupata koroma. Jirani alinisimulia yote hayo akiwa ameshika mbavu, na mimi, hasira zangu zote juu ya binti, nikajikuta nimemkasirikia muuza duka. Mwanangu nitamsema mimi, si yeye.

Basi tukaishi hivyo. Kila asubuhi mkono wangu ulilitenga hamri la kwanza kwa mazoea, na kila asubuhi jirani alilila akisema chakula hakitupwi. Binti alikunywa chai yake na muhogo wa kuchemsha, akanibusu mkono, akaenda kazini. Ningeweza kuzoea. Lakini kulikuwa na arusi.

Alikuwa ameposwa na kijana wa Mkomani, mji wetu huu huu, mtoto wa watu wazuri, na siku ilikwisha kuwekwa. Sasa kwetu sisi kuna jambo moja ambalo sijaliona kwa wengine. Biarusi hatoki nyumbani kwao ila mamake amemlisha hamri pale mlangoni, hamri alilolikaanga mwenyewe asubuhi ile, kwa mkono wake. Analimega, anamtia kinywani, ndipo biarusi anavuka kizingiti. Nyanyangu alimlisha mamangu. Mamangu alinilisha mimi, nikalia na hamri mdomoni mpaka nikapaliwa, wakanipiga mgongoni mbele ya bwana arusi. Husemwa kwamba binti akitoka na kitu cha mamake tumboni hatakuwa mgeni popote. Mimi nilikuwa nimeishi miaka yote nikiingoja zamu yangu ya kulisha.

Nikamuuliza siku moja tukikunja leso, kama asiyejali, "Na lile la mlangoni?"

Akazinyoosha pembe za leso. Kisha akasema, "Nitalipokea, mama. Nitalishika."

"Kulishika! Hamri si shada la maua!"

"Usinilazimishe, mama," akasema, na machozi yakamlengalenga. Iliniuma, wallahi. Mtu anaweza kukataa maneno yako, akakataa hata ushauri wako, lakini chakula chako? Nilikwenda kuswali na hasira zikanifuata mpaka kwenye mswala. Mume wangu akaniambia mtoto akililia wembe mpe. Nikamwambia, "Wembe upi? Huyu analilia msitu mzima!"

Lakini nilipotulia nikaona kumbe mlango upo. Alichosema ni kwamba hajui mafuta yametoka wapi. Basi nitamtafutia anayoyajua. Si kwa ajili ya yule mnyama, nasema kweli. Nilifanya hivyo ili nisishindwe na mtoto niliyemzaa mimi.

Nikaanza kwa kununua mtungi mzuri wenye picha ya alizeti, ua limechanua, la manjano, linakuchekea. Nikauweka mezani kwa mbwembwe, nikamwita. "Abee, mama." Akaja, akauzungusha, akasoma vile viherufi vidogo nyuma ambavyo mtu wa umri wangu anahitaji jua la mchana kuviona. Akasoma, akanitazama, akajizuia kucheka, akashindwa. Ndani mlikuwa na alizeti kidogo, na mengine yote mawese. Nikaushika ule mtungi nikaurudisha dukani kwa miguu, na niliyomwambia muuza duka hayafai kuandikwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, maskini, kisha akasema na yeye hakujua, naye nyumbani kwake wanatumia hayo hayo wakidhani ni ya ua.

Nikakaa barazani nimevimba. Jirani akaja akakaa nami. Nilikuwa natazama minazi ya nyuma ya nyumba yake, na ghafla nikamkumbuka nyanyangu amechutama mbele ya sufuria, akikoroga. Yarabi! Sisi tuliokulia chini ya minazi, tuliokaangiwa kila kitu kwa mafuta ya nazi, tumekwenda kununua mafuta ya mti wa ng'ambo, tena mti wa ukoo huohuo! Siku hizi mafuta ya nazi tunajipaka kichwani tu. Nikamwambia jirani, "Shoga, mbuzi yako ya kukunia nazi bado ina meno?" Akasema ina meno kuliko yeye.

Sokoni Kongowea nilikwenda mwenyewe. Nazi zilizotakikana ni gunia zima, na minazi ya jirani isingetosha. Nilichagua moja moja, nikitikisa kila nazi sikioni, mpaka muuzaji akaniuliza kama nasubiri ijibu. Sikutaka koroma hata moja, muuza duka asije akapata la kusema. Hamali akanipakilia kwenye mkokoteni, akanisukumia hadi penye gari, akiniuliza njia nzima ni arusi ya nani, na mwisho akaniombea dua ya biarusi bila kuombwa.

Siku ya kukuna walikuja wanawake wa mtaa mzima, kila mmoja na mbuzi yake chini ya kwapa. Ua ulijaa. Kelele za kukuna, nyimbo, kusengenya kidogo, chicha mpaka nywele zimekuwa nyeupe. Picha ya yule mnyama ikaanza kupita mkono kwa mkono. Wa kwanza akasema hina yake imekolea kuliko ya biarusi wetu itakavyokolea. Wa pili akasema anafanana na wifi yake, akitaja yupi. Ikamfikia jirani. Akaitazama, akaifuta skrini kwa leso, akamuuliza binti, "Huyu mtoto hajaachishwa ziwa?"

"Bado. Hawa hukaa na mama zao miaka mingi kuliko karibu wanyama wote," binti akasema. "Mama anamfundisha tunda lipi linaliwa, na jani lipi la kujengea kitanda. Mtoto akibaki peke yake hajui kitu."

"Basi ni sisi hao," jirani akasema. "Hatutoki kwa mama mpaka tuozwe." Wakacheka, wakaendelea kukuna. Mimi nilikuwa nimeinama juu ya mbuzi yangu, na nikabaki nimeinama. Niliona vile vidole katika manyoya. Sikuwa nimeviona siku ya kwanza, nilikuwa nimeviangalia tu. Huruma ikanijia yote kwa pamoja, na nikamhurumia yule mama wa kwenye gogo kama mtu ninayemjua.

Tukakamua tui, tukaliacha likatulia mpaka zito likapanda juu, tukalitoa, nikalitia jikoni. Linachemka, linachemka, mafuta yanaanza kujitenga, mashapo yanageuka rangi ya kahawia. Hapo ndipo nilipoharibu. Nilikuwa na pupa. Niliona yameng'aa nikayaepua, nikayachuja, nikatia karaini, nikatumbukiza mahamri ya kujaribia. Wee! Mafuta yakatoa povu, povu likapanda, likamwagika pande zote, moto ukaruka, mahamri hayaonekani, mimi nimerudi nyuma na leso nimeivua tayari kuupigia moto. Jirani akachungulia juu ya ukuta. "Shoga," akauliza, "wakaanga au wafua?"

Na harufu! Mtaa mzima ulinukia kichwa cha mtu aliyetoka kusukwa. Wateja wawili waliuliza kama nimeanza na kazi ya nywele.

Nilipomaliza kusema niliyoyasema kuhusu nazi, na karai, na ukoo wote wa bwana arusi ambao haukuwa na kosa lolote, ndipo likanijia neno la nyanyangu. Alikuwa akituambia watoto tunyamaze tumsikilize anavyopika. Mafuta yakisema bado yana maji, ngoja yanyamaze. Nikayarudisha jikoni, moto mdogo. Nikakaa nayo. Yalisema weee, yakatatarika, yakanung'unika, na mimi sikuyajibu. Mume wangu akaja akakaa kwenye kigoda, mtu wa kuvuta mafuta kwa mipira mikubwa ya bandarini, akayatazama yale ya kujaza mitungi michache kana kwamba ni mara ya kwanza kuona mafuta. Baadaye sufuria ikanyamaza, na akaninong'oneza, "Tayari."

Tangu hapo Ijumaa zote nakaanga kwa nazi, na wateja wa Ijumaa wamekuwa wengi, wengine wakisema ni mazuri na wengine wakija kucheka tu, lakini wanalipa. Siku nyingine natafuta alizeti ya kweli, nimejifunza kusoma nyuma ya mtungi na si mbele. Nikikosa, nakaangia yaliyopo, na binti akiniuliza namwambia. Muuza duka bado hajui pipa lake limetoka shamba gani. Ila sasa naye anamuuliza mwenye lori, na juzi nilimsikia ameghadhibika kwamba anajibiwa kwa mzaha.

Siku ya arusi niliamka na alfajiri, nikakanda kwa iliki nyingi, nikakaanga. Karai halikutoa povu. Watu wa Mkomani walifika na vigelegele vyao, nyumba ikajaa, na wakati ukafika, nikaenda kusimama mlangoni na hamri kwenye kisahani. Binti akaja amejitanda, mikono imekolea hina mpaka viwiko. Nikalimega. Nikamwambia, "Nazi ya Kongowea, nimeichagua mimi. Imekunwa na hawa wote. Mafuta nimeyapika mimi, na babako shahidi. Wayajua yalikotoka?"

"Nayajua, mama."

Nikamtia kinywani. Akatafuna. Jirani akanyoosha shingo. Akatafuna pole pole, macho yakaanza kumjaa, kisha akacheka.

"Linanuka nywele," akasema.

"Meza," nikamwambia.

Akameza. Akachukua lililobaki kisahanini, akalila lote yeye mwenyewe, pale pale, na poda yake na wanja wake. Halafu akanishika leso kifuani kwa vidole vyote vya hina, akaniambia sikioni, "Ulidhani nayachukia? Kila alfajiri ile harufu ya iliki iliniamsha, nikawa najifunika shuka mpaka puani nisije nikatoka nikala. Mama, nimeyalilia mahamri yako."

Basi tukalia, mimi na yeye, na mara hii hakuna aliyepaliwa. Bwana arusi alisimama nje hajui afanye nini. Binti alipokwisha kujifuta akavuka kizingiti, akapiga hatua mbili, akageuka. "Nifungie mengine, mama," akasema. "Safari ndefu."

Kutoka Mtongwe hadi Mkomani! Nikamfungia yote.